Mifuatano ya biti: uchague upi kwa kazi ipi

Chukua 21. Kwa binari ni 10101. Namba hiyo moja ni fibinari, kwa kuwa haina 1 mbili zilizokaa jirani. Imo pia kwenye mfuatano wa Moser–de Bruijn, kwa kuwa 1 zake zote ziko kwenye nafasi za 1, 4 na 16. Ni palindromu, kwa kuwa inasomeka vilevile kutoka kushoto na kutoka kulia. Tena ni witiri-biti, kwa kuwa ina 1 tatu. Sasa uliza kila mfuatano kinachofuata baada ya 21, uone wanavyoachana: fibinari inaruka hadi 32, Moser–de Bruijn hadi 64, palindromu inakwenda 27, witiri-biti inasogea hatua moja tu hadi 22.

Kila sharti linatazama kitu chake: ujirani, nafasi, ulinganifu, idadi. Anayechagua mfuatano kwa kuangalia namba tano za mwanzo huishia kuchagua vibaya, kwa sababu namba ndogo zina biti chache na masharti mengi hutimizwa kwa bahati.

Anza na sifuri za mbele

Kabla ya kitu kingine chochote, jiulize kama data yako ni namba au ni neno la biti lenye urefu maalumu. Binari ya 6 ni 110, na si palindromu. Ihifadhi kwenye biti nne, inakuwa 0110, na ghafla inasomeka sawa pande zote. Mfuatano rasmi (A006995 kwenye OEIS, hazina ya mtandaoni ya mifuatano ya namba) haukubali 6, kwa sababu unahesabu kuanzia 1 ya kwanza kushoto. Kwa hiyo ukiacha 0 yenyewe, palindromu zote za binari ni witiri: namba ikianza na 1 lazima iishie na 1.

Fibinari, Moser–de Bruijn na shufwa-biti hazina tatizo hili, maana zinazitazama 1 peke yake. Sharti lolote linalohesabu 0, au linalotegemea urefu wa namba, litavunjika pale data itakapowekwa kwenye rejista ya biti 32. Kama huwezi kuhakikisha urefu, kaa mbali na kundi hilo la pili.

Swali linalofuata ni wingi. Hapa nimehesabu kuanzia 0:

| Mfuatano | Sharti | Chini ya 1,024 | Chini ya 1,048,576 | Sifuri za mbele |
|---|---|---|---|---|
| Shufwa-biti (A001969) | idadi ya 1 ni shufwa | 512 | 524,288 | hazidhuru |
| Mizani (A031443) | 0 na 1 ziko sawa kwa idadi | 175 | 125,476 | zinaharibu |
| Fibinari (A003714) | hakuna 1 mbili jirani | 144 | 17,711 | hazidhuru |
| Palindromu (A006995) | inasomeka sawa pande zote | 63 | 2,047 | zinaharibu |
| Moser–de Bruijn (A000695) | 1 kwenye nafasi za vipeo vya 4 tu | 32 | 1,024 | hazidhuru |

Angalia safu ya nne. Mizani na fibinari zinakaribiana chini ya 1,024, lakini kufikia 1,048,576 moja imezidi nyingine mara saba. Makadirio yaliyofanywa kwa namba ndogo hayabebeki kwenda kwenye namba kubwa. Kwa fibinari hesabu ni safi: chini ya 2 kwa kipeo k zipo namba kama ilivyo namba ya Fibonacci ya k+2, na hivyo 144 inatokana na k=10. Kwa Moser–de Bruijn, chini ya 4 kwa kipeo k zipo 2 kwa kipeo k kamili, yaani kipeuo cha pili cha mpaka.

Shufwa-biti na witiri-biti: kugawa kwa haki

Kwa Kiingereza namba hizi zina majina ya utani yenye maana ya “ovu” na “chukizo”. Ni mchezo wa sauti tu, na ukitafsiriwa utani wote unapotea. Shufwa-biti ni 0, 3, 5, 6, 9, 10, 12, 15, 17… na witiri-biti ni 1, 2, 4, 7, 8, 11, 13, 14, 16…

Kila jozi ya 2k na 2k+1 ina moja ya upande huu na moja ya upande ule, kwa sababu tofauti yao ni biti ya mwisho tu. Ndiyo maana huhitaji kutafuta: shufwa-biti ya k, ukihesabu kutoka 0, ni 2k ukiongeza 1 endapo k yenyewe ina 1 za witiri. Kwa k=100, binari ni 1100100, ina 1 tatu, basi jibu ni 201. Hakikisha: 201 ni 11001001, 1 nne.

Uzito wa mfuatano huu uko kwenye kugawanya. Eugène Prouhet alionyesha mwaka 1851 kwamba ukizigawa namba 0 hadi 7 kwa njia hii, yaani 0, 3, 5, 6 upande mmoja na 1, 2, 4, 7 upande wa pili, jumla ni 14 kwa 14, na jumla ya miraba ni 70 kwa 70. Usawa unakatika kwenye vipeo vya tatu: 368 dhidi ya 416. Ukitaka usawa uendelee hatua moja juu, urefu lazima uongezeke mara mbili, hadi 16.

Matumizi yake ya vitendo ni kupokezana vipimo. Tuseme unapima sampuli A na B kwa kifaa kinachosogea kidogo kidogo kadiri muda unavyokwenda. Mpangilio wa ABAB unamwonea B, kwa kuwa kila mara anakuja baadaye. ABBA, yaani A kwenye nafasi za shufwa-biti na B kwenye za witiri-biti ukihesabu kutoka 0, inaondoa msogeo ulionyooka. ABBABAAB inaondoa pamoja nao msogeo uliopinda kama mraba. Ila usikate njiani. Ukiishia vipimo sita, ABBABA, nafasi za A ni 0, 3 na 5, jumla 8. Za B ni 1, 2 na 4, jumla 7, na usawa umekwisha. Urefu uwe 4, 8, 16 au rudufu kamili ya kipande hicho.

Kama unachotaka ni kukagua makosa kwenye ujumbe, kuongeza biti moja ili jumla ya 1 iwe shufwa kutakuonyesha biti moja iliyogeuka. Zikigeuka mbili, namba inabaki shufwa-biti na kosa linapita kimya.

Fibinari au Moser–de Bruijn?

Hapa ndipo watu husitasita zaidi, kwa sababu Moser–de Bruijn yote imo ndani ya fibinari. Nafasi za vipeo vya 4 zimeachana kwa biti moja, basi 1 haziwezi kuwa jirani. Kinyume chake si kweli: 2, 8, 9 na 10 ni fibinari lakini hazimo Moser–de Bruijn.

Kupima ni rahisi kote kuwili. Fibinari: `(n & (n >> 1)) == 0`. Moser–de Bruijn kwa biti 32: `(n & 0xAAAAAAAA) == 0`. Tofauti ya kwanza ya kivitendo imo humo humo: jaribio la fibinari halijali upana wa namba, wakati lile la pili lina kichujio (0xAAAAAAAA, namba yenye 1 kwenye kila nafasi isiyo ya kipeo cha 4) chenye upana wake. Ukihamia biti 64 ukasahau kurefusha kichujio, namba yenye 1 kwenye nafasi ya 33 itapita bila kuguswa.

Kwenda kwenye namba inayofuata pia hakuhitaji kupitia kila namba. Kwa fibinari:

`y = x >> 1`
`x = (x + y + 1) & ~y`

Fuata mkono kwa x=20, yaani 10100. y ni 01010, yaani 10. Jumla ni 20+10+1=31, au 11111. Ondoa biti za y na kinachobaki ni 10101, yaani 21. Rudia: y bado ni 10, jumla 32, na 32 haina cha kuondolewa. Siri ni kwamba y inaziba matundu yaliyo kulia kwa kila 1, basi 1 inayoongezwa inaruka matundu hayo badala ya kuyakalia.

Kwa Moser–de Bruijn ni wazo lilelile, ila matundu yako mahali pamoja siku zote: `((x | 0xAAAAAAAA) + 1) & 0x55555555`. Baada ya 0x55555555 inarudi 0, kwa hiyo kitanzi kisichokagua hilo hakitaisha.

Chagua fibinari pale unapotaka alama ya mpaka ambayo haiwezi kutokea ndani ya data. Fibinari iliyo nafasi ya n kwenye orodha, ukianza na 0, ndiyo n iliyoandikwa kama jumla ya namba za Fibonacci zisizofuatana. 12 ni 8+3+1. Ukiandika kwa safu za 8, 5, 3, 2, 1 unapata 10101, na kweli 21 iko nafasi ya 12. Kwa kuwa 11 haitokei kamwe ndani, msimbo wa Fibonacci huandika biti ndogo kwanza kisha huongeza 1 mwishoni, na 11 inakuwa ndiyo nukta ya mwisho. 12 inakuwa 101011.

Kosa la kawaida ni kusahau kugeuza. Ukijaribu kwa 12 hutaliona, maana 10101 ni palindromu. Jaribu 2: fibinari yake ni 10, ikigeuzwa ni 01, ikiongezwa 1 ni 011. Bila kugeuza utaandika 101, hakuna 11 mwishoni, na msomaji ataendelea kumeza neno linalofuata. Jambo jingine: msimbo huu hauna 0. Kama data yako ina 0, ongeza 1 kwa kila thamani kabla ya kuandika.

Chagua Moser–de Bruijn pale unapotaka kusuka biti za namba mbili ziwe namba moja bila kupoteza kitu. Kila namba nzima isiyo hasi ina njia moja tu ya kuandikwa kama a + 2b, ambapo a na b zote zimo kwenye mfuatano huu. Mfano 45: binari yake ni 101101, nafasi za shufwa (ukihesabu kutoka 0 upande wa kulia) zinatoa 5, za witiri zinatoa 40, ambayo ni 2×20. Bana kila moja kwa kuondoa nafasi tupu: 5 inakuwa 3, na 20 inakuwa 6. Kwa hiyo 45 ni alama ya nukta (3, 6). Huu ndio mpangilio wa Z ambao G. M. Morton alieleza mwaka 1966 akiwa IBM, na hadi leo unatumika kupanga data za ramani na picha ili vilivyo karibu kwenye ubao vikae karibu kwenye kumbukumbu.

Kutanua biti 16, kinyume cha kubana, kunachukua hatua nne:

`x = (x | x << 8) & 0x00FF00FF`
`x = (x | x << 4) & 0x0F0F0F0F`
`x = (x | x << 2) & 0x33333333`
`x = (x | x << 1) & 0x55555555`

Ingiza 6, itoke 20. Hatua mbili za kwanza hazibadilishi 6, ya tatu inatoa 18, ya nne 20. Ingizo likizidi 65,535, kichujio cha kwanza kinakata au kuchanganya biti za juu na hakuna onyo lolote, basi kagua ukubwa kwanza. Viwianishi hasi navyo viongezewe namba moja isiyobadilika viwe chanya kabla ya kutanuliwa.

Kwa maoni yangu, asiyejua achague nini kati ya hizi mbili ajiulize anasoma data kwa mfululizo au anairukia mahali popote. Mfululizo: fibinari. Kurukia: Moser–de Bruijn.

Palindromu: usizitafute, zijenge

Kupima kila namba kwa kuigeuza ni kazi bure. Kuna palindromu 2 kwa kipeo (nusu ya urefu, iliyozungushwa juu, kutoa 1) kwa kila urefu. Kwa biti 7 zipo 8. Chukua nusu ya kushoto, kwa mfano 1011, iandike kinyume bila kurudia biti ya katikati, upate 1011101, yaani 93. Kwa urefu wa shufwa rudia biti zote. Ukichanganya kanuni hizi mbili utapata namba sahihi lakini kwa mpangilio uliovurugika, kwa hiyo maliza urefu mmoja kabla ya kuanza mwingine.

Onyo kwa anayewinda namba tasa: palindromu yoyote yenye urefu wa shufwa hugawanyika kwa 3. Kila biti ina pacha wake kwenye nafasi ya aina ya pili, na kipeo cha 2 cha shufwa kujumlisha kipeo cha witiri hugawanyika kwa 3. Ukiacha 3 yenyewe, ruka urefu huo wote.

Mizani

2, 9, 10, 12, 35, 37… Hakuna hata moja yenye urefu wa witiri, ndiyo maana baada ya 12 unaruka hadi 35, na baada ya 56 hadi 135. Anayetaka maneno ya biti yenye 0 na 1 sawa kwa ajili ya kutuma kwenye waya asitumie mfuatano huu. Unamnyima nusu kamili ya maneno: kwa biti nne yapo maneno sita, 0011 hadi 1100, lakini namba zenye mizani za urefu huo ni tatu tu. Tumia njia ya Bill Gosper, inayokupa namba inayofuata yenye idadi ileile ya 1, iliyochapishwa MIT mwaka 1972 kwenye ripoti ya HAKMEM:

`c = x & -x`
`r = x + c`
`x = (((r ^ x) >> 2) / c) | r`

Ukianza na 3 unapata 3, 5, 6, 9, 10, 12. Ukianza na 0 unagawa kwa 0.

Tazama tena orodha hiyo. Ni shufwa-biti zilezile, isipokuwa 0 imeondolewa. Tofauti inajitokeza kwenye 15, ambayo ina 1 nne.

Gray na Rudin–Shapiro si vichujio

Hizi mbili haziamui nani aingie. Msimbo wa Gray, `n ^ (n >> 1)`, hupanga upya namba zote: 0, 1, 3, 2, 6, 7, 5, 4… ili kila hatua ibadilishe biti moja. Frank Gray wa Bell Labs aliuombea hataza mwaka 1947, akapewa 1953. Kwa binari ya kawaida 7 kwenda 8 hugeuza biti nne, 0111 hadi 1000, na kihisi kinachosoma katikati ya mgeuko kinaweza kutoa namba yoyote. Kwa Gray ni 0100 hadi 1100.

Kasoro hutokea gurudumu linalosomwa na kihisi hicho linapokuwa na idadi ya nafasi isiyo kipeo cha 2. Ukichukua misimbo kumi ya mwanzo, kurudi kutoka 9 (1101) kwenda 0 (0000) kunageuza biti tatu. Chukua kumi za katikati kati ya 16: kuanzia 3 (0010) hadi 12 (1010). Kingo zinatofautiana kwa biti moja, na duara linafungika.

Rudin–Shapiro huipa kila n alama ya + au − kulingana na idadi ya 11 ndani yake, ikiwa shufwa au witiri. 11 zinazopishana zinahesabiwa zote: 7 ni 111, ina mbili, basi ni +. Anayetumia kazi ya kutafuta maandishi isiyohesabu zinazopishana atapata moja, na alama inageuka. Hesabu biti za `n & (n >> 1)` badala yake.

Inashindana moja kwa moja na mpangilio wa ABBA. Kwenye ABBA (A ikiwa +, B ikiwa −) jumla ya alama haiondoki kati ya −1 na 1, wakati ya Rudin–Shapiro inapanda kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha n. Kwa kugawa sawa, ABBA inashinda bila ubishi. Kwa ishara za mawimbi ni kinyume: kwenye urefu wa 1,024, kilele cha Rudin–Shapiro hakizidi takriban 45.3 kwenye masafa yoyote, huku ABBA ikifika 243 kwenye masafa ya theluthi moja. Kipaza sauti kinachochoka na vilele kinataka Rudin–Shapiro.

Kutambua ulicho nacho, na kosa la mabano

Ukikutana na 0, 1, 2, 4, 5, 8, 9, 10 usikimbilie kusema fibinari. Namba zinazoweza kuandikwa kama jumla ya miraba miwili huanza na namba nane hizo hizo. Zinaachana kwenye 13: ni 4+9, lakini binari yake ni 1101. Kwenye OEIS, ambayo Neil Sloane alianza kuikusanya mwaka 1964, tafuta kwa namba kumi au zaidi, na uache 0 ya mwanzo, kwa kuwa wengine huanza orodha na 1.

Kwenye programu, hesabu ya 1 kwa C (GCC na Clang) hufanywa na `__builtin_popcount`, ila hiyo ni ya biti 32. Ukiipa namba ya biti 64 inakata nusu ya juu kimya kimya, hivyo tumia `__builtin_popcountll`. JavaScript, kwenye operesheni za biti, hugeuza namba za kawaida kuwa biti 32 zenye ishara, na kuanzia 2,147,483,648 namba zinakuwa hasi. Python haina mpaka huo, na tangu toleo la 3.10 ina `bit_count()`.

Kosa linalorudi kuliko yote ni kuandika `n & n >> 1 == 0`. Python inasoma unavyokusudia. C na JavaScript zinafanya `==` kabla ya `&`, na sharti linakuwa kweli kwa 1 peke yake. Andika mabano yote, na jaribio lako la kwanza liwe 5, kwa kuwa 1 inapita hata kwenye programu iliyoharibika.